Anza na Bidoni, Uso Usubiri

Kijana wa Bunia anayetaka kujua kuchora huanzia karibu kila mara pale pale: kwenye uso. Anachukua simu, anatafuta picha ya mwanamuziki au ya dada yake siku ya harusi, anaigawa kwa miraba, anapiga miraba mingine kwenye kaye, halafu anahamisha mraba mmoja baada ya mwingine mpaka uso utokee. Na unatokea kweli. Rafiki zake wanaupiga picha, wanauweka kwenye status, wanamwita artisti. Mwezi unaofuata mtu anamwomba amchore mama anayeuza ndizi pale mbele yao, bila simu wala miraba, na artisti wetu hajui hata aanzie wapi.

Sina ugomvi na miraba. Wachora mabango wanaitumia kukuza picha ndogo ienee ukuta mzima, na wachoraji wakubwa wa Ulaya waliitumia kwa karne nyingi. Ila miraba inafundisha kuhamisha, haifundishi kukiona kitu kwamba kina mbele, kina ubavu na kina nyuma isiyoonekana. Anayetaka kujifunza hilo la pili anahitaji kozi: somo la kwanza, la pili, la tatu, kila moja likisubiri zamu yake. Habari njema ni kwamba kozi ya namna hiyo inaweza kufuatwa hapa hapa, kwenye meza ya nyumbani, Mudzipela au Nyakasanza, kwa gharama ya biki na karatasi.

Kozi nzuri inakufaa zaidi kwa yale inayokukataza. Wiki hizi usiguse rangi. Usiguse macho ya mtu. Usiguse kivuli mpaka umbo lisimame. Mwanafunzi anayejifunza peke yake bila mpango hufanya kinyume: leo jicho, kesho simba, keshokutwa pikipiki, na kila mara anakwama palepale kwa sababu zile zile, ila hazioni kwa kuwa kitu kimebadilika.

Mfano ninaoupenda ni wa Vincent van Gogh, maana watu humtaja kama mtu aliyezaliwa akijua. Mwaka 1880 alikuwa na miaka 27, ameshindwa kazi ya kuhubiri kwa wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji, na ndipo akaamua kuwa mchoraji. Alianza kwa kunakili kozi ya Charles Bargue, iliyotolewa Paris kati ya 1866 na 1871 kwa msaada wa Jean-Léon Gérôme: karatasi 197 za vielelezo, kutoka vipande vya sanamu za plasta vyenye mistari michache hadi mwili mzima wa mtu. Miaka kumi baadaye, 1890, akiwa tayari amechora mamia ya picha, alimwandikia ndugu yake Theo akiomba atumiwe tena mazoezi ya Bargue. Mtu akikuambia kuchora ni kipaji tu, mwambie habari hiyo. Kipaji kipo, sikatai, lakini hakuna aliyewahi kukipima kwa mtu ambaye bado hajachora.

Sasa, wapi utaipata kozi? Chuo kinachojulikana nchini ni Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, kilichoanzishwa 1943 na frère Marc Wallenda kule Gombe-Matadi, kikahamia mji mkuu 1949. Lakini Kinshasa kwa mtu wa Bunia ni ndege, na ndege ni pesa. Kampala iko karibu zaidi, na shule ya sanaa ya Makerere ina sifa Afrika Mashariki nzima. Usisahau tu kwamba shule hiyo nayo ilianza kidogo: Margaret Trowell alianza kuwafundisha wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1937 kwenye baraza la nyumba yake. Baraza unalo.

Kwa anayebaki nyumbani napendekeza kozi mbili, na napendekeza uchague moja. Ya kwanza inaitwa Drawabox, ya Irshad Karim wa Kanada. Iko kwenye intaneti bure, imepangwa kwa masomo, na inaanza na mistari, maduara na masanduku kabla ya kukuruhusu kugusa mmea au mdudu. Ya pili ni kitabu cha Betty Edwards cha 1979 kuhusu kuchora kwa upande wa kulia wa ubongo, ambacho kimetafsiriwa kwa Kifaransa. Ile nadharia yake kwamba nusu moja ya ubongo ndiyo inayochora, wanasayansi hawaikubali tena jinsi alivyoieleza, lakini mazoezi yake yanafanya kazi vizuri. Ya kwanza ni ya mkono na umbo, ya pili ni ya jicho. Mtu mwenye haraka ya kuchora vitu kutoka kichwani, kama wachora katuni, aende kwa Drawabox. Anayetaka kuchora anachokiona mbele yake aende kwa Edwards. Ukizichanganya tangu mwanzo hutamaliza hata moja.

Suala la mega lisikukatishe tamaa. Kozi ya kuchora haitaki uwe hewani kila siku. Siku mtandao ukiwa mzuri, fungua somo moja, lisome lote, piga picha za skrini zile karatasi za mazoezi, kisha zima data ufanye kazi wiki mbili. Drawabox imeandikwa kwa Kiingereza, lakini vielelezo vinajieleza, na maandishi simu yako inaweza kuyageuza kuwa Kifaransa. Ukiwa na pesa kidogo, peleka vielelezo kwenye kibanda cha fotokopi wakutolee kwenye karatasi, kwa sababu skrini ya simu ni ndogo na jicho linadanganyika kuhusu ukubwa.

Vifaa: biki nyeusi au ya bulu na karatasi za duplikateri, zile za fotokopi, basi. Utashangaa kwamba nakunyima kreyo na gome. Mwenye gome hupiga mstari akijua ataufuta, kwa hiyo haufikirii. Hupapasa, mistari kumi mifupi yenye manyoya pale ulipotakiwa mmoja. Wino unakulazimisha uamue kwanza, na ukikosea, kosa linabaki kwenye karatasi ulione kesho. Drawabox nayo inasisitiza wino kwa sababu kama hiyo. Kaye ya mistari ya shule iache. Mistari yake itakusaidia bila ruhusa yako, na siku utakapopata karatasi tupu utakuwa kama mtu aliyenyang'anywa fimbo.

Zoezi la kwanza ni mstari mnyoofu bila latte. Weka nukta mbili, mbali kama urefu wa kiganja. Zungusha karatasi mpaka mstari ujao uelekee upande ambao mkono wako unaupenda, na kila mtu ana upande wake. Sogeza mkono wote kutoka begani, si vidole, upitishe biki hewani juu ya nukta hizo mara tatu au nne bila kugusa karatasi. Halafu shusha, piga mara moja, usisite. Ukipita nje ya nukta ya pili si neno. Ukitetemeka njiani ndilo kosa, maana umeanza kuuongoza mstari kwa macho badala ya kuuachia mkono uliokwisha kuujua. Jaza ukurasa. Begani patauma kidogo siku za mwanzo, hasa kwa wale ambao miaka yote wameandika kwa kifundo cha mkono.

Wenye ujuzi wa jambo hili hawako mbali nasi. Katika msitu wa Ituri, wanaume wa Kimbuti hupiga gome la mti mpaka lilainike kuwa kitambaa, na wanawake ndio wanaolichora, kwa wino mweusi wa masizi na maji ya tunda, wakitumia kijiti au kidole. Hakuna kufuta. Mistari inakwenda sambamba, inakatika ghafla, inaacha nafasi tupu, inaanza tena kwa mdundo mwingine. Mwaka 1995 michoro ya wanawake hao ilitolewa kitabu kizima na Georges Meurant na Robert Farris Thompson. Ukipata picha zake, usizinakili kwa kupenda urembo tu. Angalia mstari mmoja unavyoanza na unavyokoma. Hapo utaona mkono usiosita.

Baada ya mistari, sanduku, na hapa ndipo ninapoomba ukae muda mrefu kuliko unavyotaka. Drawabox ina zoezi la masanduku 250, na wengi hulikimbia. Kwa nini sanduku? Kwa sababu karibu kila kitu kilichotengenezwa na watu mjini kwetu ni sanduku lililokatwa au kuongezwa: kibanda cha kuuzia mega, nyumba ya mabati, Fuso iliyobeba mizigo ya Mahagi, redio, Biblia, kitanda. Hata kichwa cha mtu, siku yake ikifika, utakianza kama sanduku.

Chukua bidoni la njano la lita 20, lile la maji. Liweke juu ya kiti, ukae mbele yake kidogo kando, ili uone pande tatu: uso mpana, ubavu mwembamba, na juu. Chora kwanza sanduku litakalolimeza bidoni zima. Sasa tazama mistari ya sanduku lako. Ile minne iliyosimama iache isimame. Ile inayokwenda mbali nawe upande wa kulia, yote minne, lazima ikaribiane kidogo kadiri inavyokwenda, kama ambavyo kingo mbili za Boulevard de la Libération hukaribiana ukisimama katikati na kutazama mwisho wake. Inayokwenda kushoto vivyo hivyo. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kuiacha ipanuke kwa nyuma, na sanduku likaonekana limevimba mgongo. Usibishane na jicho. Chukua biki ya rangi nyingine, endeleza kila mstari mpaka ukingoni mwa karatasi, utaona ni upi uliotoroka wenzake. Kazi hiyo ya kurefusha mistari ndiyo mwalimu wako, maana mwingine huna.

Sanduku likikaa sawa, ndipo ukate. Bega la bidoni linashuka kuelekea kando: kata pembe za juu. Tafuta katikati ya uso wa juu kwa kupiga msalaba kutoka pembe hadi pembe, hapo utapata njia ya mkono wa kubebea. Shingo iko upande mmoja, kwa hiyo ipime kutoka ukingo, usikisie. Kifuniko ni silinda fupi. Mwisho kabisa, zile alama zilizobonyezwa ubavuni, na kile kibonyeo ambacho kila bidoni la Bunia limekipata likianguka kwenye pikipiki. Wengi huanza na kibonyeo hicho kwa sababu ndicho kinachovutia, halafu wanashangaa bidoni limelala. Ukimaliza ligeuze, lichore kwa upande mwingine, kisha lilaze chini. Kesho funga macho, kumbuka, ulichore bila kuliona.

Duara lina taabu yake ya pekee. Mdomo wa sufuria ni duara, kila mtu anajua, na kwa sababu anajua anachora duara, wakati jicho lake linaona umbo lililobanwa. Weka kikombe mezani, inuka, kisha inama polepole mpaka macho yawe sawa na ukingo wake. Mdomo unajibana, unajibana, mwishoni unakuwa mstari. Basi sehemu ya chini ya kikombe, ambayo iko mbali zaidi na usawa wa macho yako, itakuwa wazi kuliko mdomo, na wengi hufanya kinyume au huipiga mstari mnyoofu. Ukishaelewa hilo, tairi za pikipiki hazitakutisha. Mradi uanze na kizibo cha chupa, pikipiki baadaye.

Upande wa jicho, kwa aliyechagua Edwards, zoezi lake ninalolithamini kuliko yote ni la nafasi tupu. Weka kigoda mbele yako na usikichore. Chora vipande vya ukuta vinavyoonekana kati ya miguu yake. Akili haina jina la vipande hivyo, kwa hiyo haiwezi kukudanganya, na ukimaliza kigoda kimejitokeza chenyewe. Lile la kunakili picha ikiwa imepinduliwa kichwa chini linafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Lifanye jioni ukiwa umechoka, linapumzisha.

Mwanga wa Bunia unahitaji neno lake. Tuko digrii moja na nusu hivi kaskazini mwa ikweta, na saa sita mchana jua liko karibu utosini: vivuli vinajificha chini ya vitu, nyuso zinakuwa na mashimo meusi machoni, mabati yanang'aa mpaka huoni umbo. Vitabu vya Ulaya vinazungumzia mwanga wa dirisha la kaskazini, jambo lisilotusaidia. Fanya kazi ya vivuli kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa tisa alasiri, jua linapokuja kwa upande. Mchana kati fanya mistari na masanduku ndani. Usiku, taa moja ya sola iliyowekwa kando ya kitu inatosha. Zikiwa mbili kutoka pande mbili, vivuli vinagombana.

Ukitoka nje kuchora, kuwa na akili. Tangu Mei 2021 jimbo letu la Ituri limewekwa chini ya état de siège, na mtu aliyekaa barabarani akitazama na kuandika kwenye karatasi anaweza kutafsiriwa vibaya. Usichore kambi, kizuizi cha barabarani, uwanja wa ndege, magari ya jeshi wala ya MONUSCO, hata kama Fuso la kijeshi ni sanduku zuri kuliko yote uliyoyaona. Beba kadi yako, na kurasa zako za mabidoni ziwe mbele kwenye jalada, zinajieleza haraka kuliko maneno. Sokoni anza kwa salamu na kununua kitu: "Mama, naomba nichore hii meza yako ya nyanya." Sema meza, usiseme wewe. Mara nyingi atacheka na kukuuliza kwa nini hukumchora yeye. Kwa waliokimbia vita na wanaoishi kwenye kambi za wahamaji, nakusihi zaidi: mtu aliyepoteza nyumba si zoezi la somo la nne. Kama unaishi humo au una ndugu humo, jambo ni lingine. Watoto huko hupenda kuchora, na biki moja inaweza kuwakusanya wengi.

Kuhusu muda, robo saa ya mistari kila siku inazidi Jumapili nzima mara moja kwa mwezi. Drawabox ina kanuni moja ambayo watu huipuuza na ambayo kwangu ndiyo uti wa mgongo wa kozi: nusu ya muda wako wote wa kuchora iwe ya mazoezi, nusu iwe ya kuchora unachokitaka mwenyewe, kibaya au kizuri, bila kujisahihisha. Hapo ndipo simba na wanamuziki waruhusiwe. Mwanafunzi wa mazoezi matupu huchoka akaacha. Wa kujifurahisha tu habadiliki. Andika tarehe nyuma ya kila karatasi, weka zote kwenye mfuko mmoja, mbali na mvua na wadogo zako.

Tafuta pia wenzako wawili au watatu mfuate somo moja kwa wakati mmoja, mkutane mara moja kwa wiki. Msiulizane "ni nzuri?" Mtu wa kwetu ana adabu, atasema ni nzuri. Ulizaneni "ni mstari gani uliotoroka?" Swali hilo lina jibu, na halimvunjii mtu heshima.

Na uso? Utafika. Ukiweza kuzungusha sanduku upande wowote bila kufikiri, kichwa kitakaa juu ya shingo, macho yatakuwa kwenye mstari mmoja unaozunguka na kichwa, na utaweza kumchora yule mama wa ndizi akiwa amegeuka kumjibu jirani. Hapo sasa rudi kwenye miraba ukitaka, itakuwa chombo chako. Njia za kazi zipo. Chéri Samba, aliyezaliwa 1956, alifika Kinshasa 1972, akafanya kazi kwa wachora mabango kabla ya kufungua atelier yake 1975. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani wa 1959, alipita njia ya katuni. Mjini kwetu mlango ulio karibu ni bango: saluni, duka la dawa, shule, kanisa. Nenda kwa fundi wa mabango, muombe umshikie ngazi na kumsafishia brashi, uangalie anavyopanga herufi kutoka mbali kabla ya kugusa ukuta. Na ukipewa kazi ya kwanza ya peke yako, pima ukuta mwenyewe, andika maneno yote yatakayokaa pale mwenye duka akiwa anaona, na uchukue nusu ya malipo kabla ya kwenda kununua rangi.